Maharagwe Yalistawi, Nami Nikanyamaza

Kosa ni langu. Naanza hapo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi nitaleta habari ya treni, habari ya kuku, habari ya bomba lisilotoa maji, na mwishowe utanihurumia. Usinihurumie. Nisikilize tu, na jina langu uniachie mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Kolwezi, wa mtaa wa Manika. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Tata, baba yangu, naye akafanya kazi hiyo hiyo mpaka alipopewa pensheni. Mimi nikaambiwa tangu utotoni kwamba nitasoma. Si "ukipenda utasoma". Nitasoma. Nyumbani kwetu ilikuwa kama ubatizo wa kitoto kichanga, hakuna aliyeniuliza maoni.

Nikaingia kitivo cha kilimo. Marafiki walinicheka sana. Mji mzima unachimba shaba na kobalti, wewe unaenda chuo kikuu kusomea mihogo! Lakini mimi nilipenda, na alama zangu zilikuwa nzuri, na nilijiona nimefika.

Halafu dada mmoja aliyenitangulia darasani, ambaye sasa yuko nje akifanya masters, akanipigia simu. Nilikuwa nimemwambia kwamba nami nataka kuomba. Akaniuliza nimefanya utafiti gani. Nikamwambia nina alama nzuri. Akaniambia kila anayeomba ana alama nzuri, kwa hiyo alama hazisemi kitu. Wanachotaka kujua ni kama umewahi kukaa na swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni, ukalihangaikia kwa mikono yako. Na awepo mwalimu aliyekuona ukihangaika, aandike barua aseme, huyu nimemwona.

Mimi utafiti niliujua kwa jina tu. Kwangu ilikuwa ni kuingia maktaba, kunakili kurasa, na kubadilisha maneno machache mwalimu asigundue.

Basi nikaenda kwa Asista Clarisse. Hilo si jina lake, lakini lazima nimwite kitu. Ni mwalimu msaidizi kitivoni kwetu, mama wa miaka thelathini na kitu, anaandaa udaktari wake, anatembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Nilivaa shati langu la Jumapili. Nikamwambia niko tayari kumsaidia katika utafiti wake bila malipo, kwa sababu nataka kujifunza.

Akanitazama, akaniuliza kama najua kuosha bidoni.

Nilidhani ni mfano, kwamba anapima unyenyekevu wangu. Nikajibu kwa maneno marefu kuhusu kuanzia chini. Akanionyesha nje. Kulikuwa na rundo la bidoni, yale madumu ya plastiki ya mafuta ya kula, zimekatwa juu, zinateleza kwa mafuta. Alikuwa anaongea habari ya bidoni.

Niliosha bidoni. Nikachekecha udongo mpaka pua ikajaa vumbi. Nikaandika vibandiko. Wiki za kwanza nilitaka kutoroka. Lakini jioni moja, tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya udongo, Asista akanieleza swali lake, na hapo ndipo nilipopenda.

Huku kwetu, madini yakishaoshwa, kunabaki uchafu wa kijivu. Unamwagwa, unakauka, mvua inaupeleka mashambani, na pale ulipolala hakuna kinachoota vizuri. Kila mtu wa Kolwezi anaujua. Asista alitaka kujua kama chokaa, ile ile ya kupaka ukuta, inaweza kuutuliza udongo huo mmea ukaota. Kwa hiyo bidoni zetu zilikuwa za aina tatu. Za kwanza zilikuwa na udongo mzuri wa bustani. Za pili zilikuwa na uchafu wa kijivu peke yake. Za tatu zilikuwa na uchafu huo uliochanganywa na chokaa. Katika zote tulipanda maharagwe. Swali likabaki moja tu: chokaa peke yake inatosha?

Chuoni maji yalikatika. Bomba la kitivo likakaa kavu wiki nzima, halafu nyingine. Asista akaamua bidoni zote nizipeleke kwetu, kwa sababu tuna kisima kwenye parseli, yaani uani. Nilizibeba kwa taksi-moto, pikipiki ya abiria, safari baada ya safari, nimezikumbatia kama watoto. Majirani wakadhani tumefungua biashara ya maua.

Kabla sijaondoka na ya mwisho, Asista alinishika bega. Akaniambia ni maji tu, kwa kipimo cha kikombe alichonipa, kila asubuhi. Nisiongeze kitu, nisipunguze kitu. Na nikiwa na safari yoyote nimwambie, atakuja kumwagilia mwenyewe.

Umesikia maneno hayo? Mimi pia niliyasikia.

Haukupita muda, binamu yangu akaoa huko Kasaji. Nilitaka kwenda. Lakini niliogopa kumwambia Asista, nikafikiri atasema huyu hana usiriasi, anaacha utafiti kwenda kucheza arusi. Barua yangu ya sifa ingepotelea hapo. Nikajiambia ni siku chache, nikamwachia mama kikombe. Nikamwambia maji tu. Akasema amesikia.

Wakati huo bidoni za uchafu mtupu zilikuwa zimekwisha kufa zote. Za chokaa zilikuwa zinapumua kwa shida, majani yamekuwa ya njano, yamejikunja. Nilijua jibu linakuja, na jibu lilikuwa hapana. Sikuwa na furaha nalo, lakini lilikuwa jibu.

Kwenda Kasaji treni ilienda vizuri. Kurudi, mashine ikaharibika. Tuliambiwa kesho, kisha kesho tena, kisha wakaacha hata kutuambia. Ningeweza kupanda lori. Sitadanganya, nyumba ya mjomba ilikuwa tamu, kulikuwa na bukari, ugali wetu, na samaki na wasichana wa kwaya, nikasubiri treni kama mtu asiye na nyumba. Nilimpigia mama simu mara moja tu. Akasema maharagi iko muzuri sana. Ningepaswa kushtuka hapo hapo. Niliyaacha yanakufa!

Niliporudi niliingia kwenye parseli nikasimama. Maharagwe ya chokaa yalikuwa ya kijani, ile kijani nzito, majani mapana, mengine yameanza kutoa maua. Yalipendeza kuliko hata yale ya udongo mzuri.

Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaona ninavyokodoa macho, akacheka.

"Nilibatunza batoto yako," akasema, akiyaonyesha maharagwe. "Balikuwa banateseka. Kila asubuhi mi napita pale, naona bako njano, roho inaniuma. Nikatia mavi ya kuku kidogo. Bale balishakufa nikabaacha, lakini bale bengine nikasema, aba baweza kupona."

"Mama, nilisema maji tu."

"Maji nilitia. Kikombe yako, kila siku. Mavi ya kuku si maji?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kweli ilikuwa ya kuchekesha. Mama anafuga kuku nyuma ya nyumba na huwa hatupi kitu. Kwake mmea unaonyong'onyea ni kama mgonjwa, na wewe unayepita na kikombe cha maji huku unamtazama akifa una roho gani? Sikuweza kumkasirikia. Nikajiambia kesho nitamweleza Asista, tutacheka wote, tutaanza upya.

Kesho yake Asista akaja mwenyewe kabla sijamwendea. Alikuwa anapita Manika, akaona atazame.

Mama alikuwa sokoni. Asista aliingia, akaona zile bidoni, akapiga magoti. Nakwambia ukweli, msomaji, alipiga magoti kwenye vumbi na sketi yake ya kazini. Akashika jani moja kwa vidole viwili. Nilikuwa sijawahi kumwona Asista akicheka vile. Akaanza kupiga picha kwa simu, kila upande, akasema miaka yote amesubiri kuona kitu kama hiki. Kisha akageuka.

"Maji tu?"

Nilitikisa kichwa juu chini. Sikutoa hata sauti. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kutikisa kichwa si uongo, eti mdomo wangu ulikuwa safi. Mtu akitaka kujidanganya hata shingo yake anaweza kuikana.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana. Nilimwonea huruma kumharibia furaha, hiyo ni kweli. Lakini nilijionea huruma mimi zaidi. Kumwambia habari ya mbolea ilikuwa kumwambia pia habari ya Kasaji. Na kichwani nilikuwa nimeshaiona ile barua.

Barua nilipata. Ilikuwa nzuri mno! Aliandika kwamba mimi ni kijana makini, mvumilivu, wa kuaminika. Neno hilo la tatu nililisoma nikaliruka haraka, kama unavyoruka dimbwi barabarani.

Nikasimama pia mbele ya kitivo, siku wanafunzi wanapoonyesha kazi zao. Picha za maharagwe zikaonekana ukutani, kubwa kama milango. Watu wakapiga makofi. Tata alikuja na suti yake ya zamani, akapiga makofi kabla hata sijamaliza kuongea. Jumapili iliyofuata parokia nzima ilijua kwamba mtoto wake anakwenda masters ng'ambo. Sikuwa nimepata nafasi bado, lakini Tata hajui kungoja.

Nikapeleka maombi. Wakanihoji kwa video, maprofesa wawili, mmoja mzee mwenye sauti ya upole. Yule mzee akaniuliza ni kitu gani katika utafiti wangu kilienda tofauti na nilivyotegemea, na nilifanya nini. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hakuna kitu, kila kitu kilienda kama tulivyopanga.

Akasema asante. Mimi nikatoka pale nikijipongeza.

Sasa ndipo mambo yalipotoka kwenye bidoni.

Mama yangu yuko kwenye kikundi cha akina mama wa parokia. Wana shamba lao nje kidogo ya mji, karibu na kijito. Watu walikuwa wakiosha madini pale juu, maji yakashuka na ule uchafu, na shamba likalala misimu miwili bila kuzaa. Mama ndiye aliyewaambia kwamba mtoto wake na Madame wa iniversite wana dawa ya udongo. Kwa mama, dawa ilikuwa ile kazi yetu yote pamoja. Hakuwahi kufikiri kwamba mavi yake ya kuku ni siri. Hakuna tu aliyemuuliza.

Asista alikubali kuja. Alisema wajaribu kona moja kwanza, wangoje, waone. Kiongozi wa kikundi, Mama Régine, mwanamke mrefu asiyependa mazungumzo ya kuzunguka, akasema wamengoja vya kutosha, watoto wanakula, watalima shamba lote. Wakavutana kidogo. Halafu Mama Régine akanigeukia mimi.

"We njo uliona na macho yako. Chokaa inashika, inafanya kazi?"

Asista naye akanitazama. Hapo ndipo penyewe. Kama kuna dakika moja ya maisha yangu ningeweza kuirudisha, si ile ya kutikisa kichwa. Ni hii.

Nikasema inashika.

Walilima lote. Walibeba chokaa kwa mabeseni vichwani, wakaimba, wakaichanganya na udongo kwa majembe mpaka wakawa weupe miguu yote. Mbegu zilitoka kwa mama, maana yeye anauza maharagwe sokoni. Alichagua mwenyewe, punje kwa punje, akawapunguzia bei. Siku ya kupanda alimwuliza Asista mbolea inakuja lini. Nilikuwa karibu. Nikaingilia haraka, nikasema mama anauliza habari ya shamba lake la nyumbani, nikabadilisha mazungumzo. Asista alikuwa anapima mistari, hakushika.

Jioni ile nilimkalisha mama.

"Mama, kama Madame anakuuliza juu ya bidoni, usiseme ile mambo ya kuku."

"Juu ya nini? Nilifanya mubaya?"

"Hapana. Lakini ataniona mi sikufanya kazi muzuri. Barua yangu itapotea."

Akaniuliza: "Unataka mi nidanganye?"

"Usidanganye. Unyamaze tu."

Mama yangu ni mtu wa kusali. Hajawahi kunikatalia kitu kinachoitwa masomo. Akanyamaza. Na nilipoona amenyamaza nilishukuru, badala ya kuona haya.

Nilijiambia labda mvua itasaidia. Labda shamba si kama bidoni. Mtu mwenye kosa huwa na labda nyingi sana.

Maharagwe yaliota vizuri, na akina mama wakafurahi. Kisha yakawa ya njano. Kisha yakajikunja, vile vile nilivyoyaona nyumbani kabla ya Kasaji. Nikayatambua kama unavyomtambua mtu unayemdai anayekukwepa, ila mimi ndiye niliyekuwa nadaiwa. Asista alikuja kila baada ya siku mbili, akachimba, akanusa udongo, akajilaumu. Alisema labda alikosea kipimo cha chokaa. Alirudia hesabu zake zote. Alikonda, nikaona.

Lakini akina mama hawakumlaumu Asista. Asista ni mtu wa iniversite, na maharagwe yake waliyaona kwenye picha. Kama udongo uliponywa na bado mimea imekufa, basi shida ni mbegu. Mama Régine alilisema hilo mbele ya watu baada ya misa, bila kumung'unya maneno. Alisema mama yangu aliwauzia mbegu za zamani, zilizoliwa na wadudu, ndiyo maana bei ilikuwa chini.

Mama alikuwa pale. Angeweza kufungua mdomo akasema maneno matatu tu, mavi ya kuku. Alishika mkoba wake akatazama chini.

Wateja wake ni hao hao akina mama, na dada zao, na majirani zao. Wiki ile alitoka na beseni la maharagwe asubuhi, akarudi nalo vile vile. Hakulalamika. Alisema soko limelala. Ijumaa nilimkuta uani ameyamwaga maharagwe kwenye ungo, anayachambua upya, anatafuta tundu la mdudu ambalo halipo. Alikuwa ameanza kuamini mwenyewe!

Hapo kitu kikavunjika ndani yangu. Nilikaa chini karibu naye.

"Mama, kesho nitaenda kusema."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Sema leo," akasema. "Mi nimechoka."

Nikamwuliza kama atanisindikiza. Akasema hapana, hiyo ni yangu.

Nikachukua taksi-moto mpaka kwa Asista. Alikuwa ofisini, ameegemea dirisha. Nilisema kila kitu nimesimama, arusi, treni, kuku, kichwa kilichotikisika, inashika, na mbegu za mama. Nilitegemea apige kelele. Ningependa angepiga kelele.

Alikaa. Akaanza kuniuliza maswali kwa sauti ya kawaida. Mama aliweka lini? Mara ngapi? Kwenye bidoni zipi? Zile zilizokufa aliziacha kabisa? Kila nilipojibu alikuwa anafumba macho kidogo, kama mtu anayefungwa kidonda.

Mwisho akasema: "Siku ile ungeniambia, tungepata swali jipya, zuri kuliko lile la kwanza. Ningefurahi zaidi. Hilo ulilikosa wapi, mi sijui."

Kisha akaniambia barua yake anaiondoa. Ataandika kule nilikoomba, na mimi pia niandike, kwa mkono wangu, leo. Yeye alikuwa amekubaliwa kwenda kuzungumza kwenye mkutano wa watafiti huko Lubumbashi. Akafungua kompyuta mbele yangu akaandika kwamba hatakuja na kwa nini. Nilimwona akiandika. Jina langu hakuliandika. Aliandika "kosa katika usimamizi wangu". Wangu, yeye.

Nililia ofisini mwa watu, kijana mzima.

Jumapili nilisimama mbele ya akina mama. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi, bila maneno ya chuo, ili asipatikane wa kusema hakuelewa. Walisikiliza wote. Nilipomaliza, Mama Régine akauliza swali moja tu.

"Mbegu ya mama yako ilikuwa mizima?"

"Ilikuwa mizima."

Akainuka. Akatembea mpaka alipokaa mama yangu, akapiga goti mbele ya kikundi chote, akaomba msamaha. Mama akamwinua, wakashikana mikono, wakasema maneno yao ambayo sikuyasikia. Mimi sikusemeshwa. Niliachwa nimesimama pale mbele kama kiti kilichosahauliwa. Baadaye mmoja akanipa jembe, akaniambia Jumamosi saa za asubuhi, nisichelewe.

Nimelima Jumamosi nyingi. Mgongo wangu sasa una elimu yake.

Kule nilikoomba walijibu kwa mistari michache ya adabu. Ombi langu limefungwa. Ninaweza kuomba tena baadaye. Nilimwonyesha Tata. Alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Nilingoja anitoe nyumbani. Akasema tu kwamba aliwaambia watu wengi, kwa hiyo itabidi azunguke tena. Na kweli alizunguka. Nilimwona akivaa viatu, akienda nyumba kwa nyumba kurudisha habari yake njema. Hilo lilinichoma kuliko adhabu yoyote.

Asista hakunipokea kwa muda mrefu. Nilikuwa nikipita mbele ya ofisi yake namsalimu, anaitikia, basi. Siku moja akaniambia bidoni zimerundikana tena. Sikuuliza ni mfano au vipi. Nikatafuta sabuni.

Tulianza upya, safari hii na bidoni za aina nyingine, za chokaa pamoja na mbolea ya kuku, na za mbolea peke yake. Mama alitoa mbolea, akakatazwa kusogea. Anapita mbali, anazitazama zile zinazonyong'onyea kwa uchungu, anageuza uso. Matokeo si ya kupigiwa makofi. Chokaa peke yake haifai. Mbolea peke yake haifai. Pamoja zinasaidia kiasi, katika baadhi ya bidoni, na Asista anasema hata yakistawi hakuna wa kuyala mpaka majani yapimwe kama yamebeba sumu ya madini. Ni jibu dogo, limejaa "kiasi" na "baadhi". Lakini nikilisema silali na moyo unaodunda.

Nimeomba masters tena mwaka huu. Katika maelezo yangu nimeandika yote, pamoja na yale mabaya, na Asista ameyasoma kabla sijayatuma. Sijui watasemaje. Jibu halijafika.

Shamba la akina mama bado halijapona. Msimu ule haurudi, na watoto ambao wangekula yale maharagwe walikula kitu kingine au hawakula. Hilo siwezi kulilima likaisha.

Sasa wewe uliye mwaka wa pili au wa tatu, unayeambiwa kila siku kwamba bila uzoefu wa utafiti hutaenda popote. Ni kweli, utafute. Gonga mlango wa mwalimu, usingoje kuitwa. Osha bidoni, chekecha udongo, ukichoka endelea. Kazi za namna hiyo ndizo zinakufundisha, na zinamwonyesha mwalimu wewe ni nani. Ukiwa na arusi, sema una arusi. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekufukuza kwa arusi.

Na kitu kikiharibika mikononi mwako, au kikastawi kwa njia usiyoielewa, usikipambe. Barua utakayoipata kwa kunyamaza itakuwa na jina lako juu, na ndani yake atakuwa anasifiwa mtu mwingine. Na usifikiri utalipa peke yako. Mimi nilidhani naficha bidoni chache za maharagwe, kumbe aliyelipa kwanza alikuwa mama, sokoni, na beseni kichwani.

Kama una jambo la namna hiyo, na umesoma mpaka hapa huku unajikuna shingo, namba ya mwalimu wako unayo. Mpigie sasa. Vitabu vyako vitakungoja.